Mazoezini Ndipo Mahali pa Kukosea

Washabiki wengi wa kabumbu huijua timu yao kwa zile dakika 90 za mechi tu. Hufika uwanjani wamevaa rangi za timu, hupiga ngoma, hushangilia au hununa, kisha hurejea majumbani wakiamini kwamba wamekwisha kuijua timu yote, ndani na nje. Lakini wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mtu atakaye kuijua timu hasa hana budi kwenda kuitazama siku ambayo hakuna ngoma wala kombe mezani; siku ambayo wachezaji wamevaa vizibao vya mazoezi, na mwalimu amesimama katikati yao na filimbi shingoni.

Jambo hili si geni kwa jamaa za askari. Katika nchi nyingi za Afrika majeshi na polisi wamekuwa na timu zao wenyewe. Nchini Uganda, Simba, timu ya jeshi, ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1971, na timu ya Polisi ikautwaa mwaka 2005. Pale ambapo timu ya namna hiyo hufanya mazoezi karibu na nyumba za askari, watoto huketi jioni kando ya mstari, wakigombea kuokota mipira itokayo nje. Tena kila mtoto wa askari ajua kwamba gwaride lipendezalo siku ya sikukuu lilitengenezwa majuma kadhaa nyuma, katika kiwanja chenye vumbi, kwa sauti ya sajini asiyechoka kurudia amri moja.

Basi mshabiki afikapo mazoezini atazame nini? Kwa kawaida timu ya wachezaji wa kulipwa huanza kwa kupasha mwili moto: mbio za polepole, kunyoosha misuli, kisha mbio fupi za kasi. Baadaye wachezaji hufanya duara na kupasiana mpira kwa mguso mmoja au miwili, huku wenzao wawili waliomo kati wakijaribu kuunasa. Mtazamaji asiyejua hudhani huo ni mchezo wa kitoto. Kumbe hapo ndipo macho, miguu na akili hufunzwa kuamua upesi. Apotezaye mpira huingia kati. Mshabiki na atazame kama nyota wa timu naye huingia kati bila ubishi anapokosea. Ikiwa anabisha kila mara, au ikiwa chipukizi huingia kati kwa niaba yake, timu hiyo ina ugonjwa ambao hautaonekana siku ya mechi mpaka umekwisha kuenea.

Walinda mlango hutengwa na mwalimu wao, wakaangushwa kulia na kushoto mara nyingi kuliko watakavyoangushwa katika mechi kumi. Mabeki hufunzwa kusogea pamoja, kama watu waliofungwa kamba moja. Mipira ya kona na ya adhabu hurudiwa mpaka kila mtu ajue nani amkabe nani. Mwisho timu hugawanywa pande mbili, wenye vizibao na wasio navyo. Hapo wa kutazamwa zaidi ni wachezaji wa akiba. Mchezaji ajuaye kwamba hatapangwa Jumamosi, lakini akacheza Jumanne kwa moyo wote, ndiye kipimo cha afya ya timu.

Katika yote hayo mshabiki ataona makosa mengi. Pasi zitapotea, mashuti yatapaa juu ya mlingoti, na mwalimu atasimamisha mchezo na kuuanza tena. Asishangae. Mazoezini ndipo mahali pa kukosea. Kosa la Jumanne hurekebishwa kwa filimbi; kosa la Jumamosi huandikwa magazetini. Timu inayokosa mahali pa kukosea bila aibu haitapata mahali pa kujifunza, na jambo hilo limeonekana hata kwa timu kubwa za dunia.

Mwaka 2006 timu ya taifa ya Brazil, iliyokuwa bingwa wa dunia tangu mwaka 2002, ilipiga kambi Weggis, mji mdogo wa Uswisi ulio kando ya ziwa, kabla ya kwenda Ujerumani kugombea Kombe la Dunia. Mwalimu Carlos Alberto Parreira alikuwa na Ronaldo, Ronaldinho, Kaká na Adriano, watu ambao kila taifa lingetamani kuwa na mmoja wao. Tiketi za kutazama mazoezi ziliuzwa, na maelfu ya watu wakajaa majukwaani. Muziki ulipigwa, bendera zikapeperushwa, na kila chenga ikashangiliwa kama bao. Baadhi ya washabiki waliruka uzio wakaingia uwanjani ili kuwakumbatia wachezaji waliowapenda.

Hapana mtu wa kulaumiwa kwa kuipenda Brazil. Lakini mwalimu atawezaje kumsimamisha nyota na kumwambia arudie mara ya tano, ikiwa maelfu wamelipa ili kumwona akifanya maajabu? Na nyota huyo atakubalije kuonekana akikosea? Kambi ikageuka jukwaa la tamasha. Tarehe 1 Julai 2006, mjini Frankfurt, Brazil ilitolewa na Ufaransa katika robo fainali. Zinedine Zidane alipiga mpira wa adhabu, mpira ukawavuka walinzi, na Thierry Henry, aliyeachwa peke yake upande wa mbali wa goli, akautia wavuni. Bao likawa hilo moja tu. Mpira wa adhabu, na mtu asiyekabwa: mambo hayo hasa ndiyo hushughulikiwa mazoezini, jioni baada ya jioni, bila makofi. Wabrazil wengi waliikumbuka Weggis kwa uchungu.

Timu ikakabidhiwa kwa Dunga, aliyekuwa nahodha wa Brazil ilipotwaa kombe mwaka 1994. Alipoipeleka Afrika Kusini mwaka 2010, aliufunga mlango ulioachwa wazi Weggis, na watazamaji pamoja na waandishi wa habari wakalalamika kwamba wamewekwa mbali. Hata hivyo Brazil ilitolewa tena katika robo fainali, safari hii na Uholanzi kwa mabao 2-1, mjini Port Elizabeth. Yaonekana basi kwamba mlango uliofungwa hauleti kombe peke yake, wala mlango ulio wazi hauliondoi peke yake. Kinachopimwa ni yale yatendekayo ndani ya uzio.

Katika mashindano hayo hayo ya 2010 yalitukia mambo ambayo washabiki wa kabumbu hawajayasahau. Ufaransa, ikiwa chini ya Raymond Domenech, mwalimu yule yule aliyewatoa Wabrazil, ilipiga kambi Knysna, mji wa pwani katika jimbo la Western Cape. Ilianza kwa sare ya 0-0 na Uruguay, kisha tarehe 17 Juni ikafungwa 2-0 na Mexico mjini Polokwane. Wakati wa mapumziko ya mechi hiyo mshambuliaji Nicolas Anelka alikosana na mwalimu kwa maneno makali. Siku mbili baadaye habari hiyo ilichapishwa katika ukurasa wa mbele wa gazeti, na shirikisho la mpira la Ufaransa likamwondoa Anelka kikosini.

Jumapili tarehe 20 Juni ilikuwa siku ya mazoezi ya wazi. Wenyeji walikuja kuwatazama watu ambao wengi wao walikuwa wamewaona katika televisheni tu. Basi la timu likafika. Wachezaji wakashuka, wakawasalimu watu waliokuwa penye uzio na kuwatilia saini. Kisha nahodha Patrice Evra na mwalimu wa viungo Robert Duverne wakaanza kubishana mbele ya macho ya watu wote, hata Domenech akalazimika kuwatenganisha. Duverne akaondoka kwa hasira. Wachezaji wakarudi ndani ya basi, na mapazia ya madirisha yakafungwa. Jean-Louis Valentin, mkurugenzi aliyefuatana na timu, akatangaza papo hapo kwamba anajiuzulu. Mwishowe Domenech mwenyewe akasimama mbele ya waandishi wa habari na kusoma barua ya wachezaji, iliyosema kwamba hawatafanya mazoezi kwa kupinga kuondolewa kwa mwenzao.

Mtu aliyesimama penye uzio siku hiyo hakuona hata zoezi moja, lakini aliiona timu yote ilivyo. Hakuhitaji kungoja mechi. Siku mbili baadaye, mjini Bloemfontein, Ufaransa ilifungwa 2-1 na wenyeji Afrika Kusini, ikashika mkia katika kundi lake kwa pointi moja tu. Mwezi Agosti mwalimu mpya, Laurent Blanc, aliwaacha nje wachezaji wote 23 wa kikosi kile katika mechi yake ya kwanza. Anelka alifungiwa mechi 18 za timu ya taifa, Evra mechi 5, Franck Ribéry 3 na Jérémy Toulalan 1.

Si haki kusema kwamba wachezaji hawakuwa na sababu. Kila mtu afanyaye kazi aweza kuwa na manung'uniko, na viongozi wa timu nao walikuwa wameuacha ufa ukapanuka mpaka ukawa mlango. Lakini kila nung'uniko lina mahali pake. Askari aliyeonewa hupeleka shauri lake kwa mkubwa wake kwa utaratibu uliowekwa. Haweki silaha chini katikati ya gwaride, mbele ya watoto waliokuja kumpigia makofi. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Pale Knysna nyasi zilikuwa wale watu waliosimama penye uzio, ambao hawakumkosea Anelka, wala mwalimu, wala shirikisho.

Kwa bahati njema aibu si kifo. Didier Deschamps, nahodha wa Ufaransa iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1998, alikabidhiwa timu mwaka 2012. Tarehe 15 Julai 2018, mjini Moscow, timu yake iliifunga Croatia mabao 4-2 na kulirudisha kombe nyumbani. Katika miaka hiyo minane mechi zilikuwa za kuhesabika, lakini siku za mazoezi zilikuwa nyingi mno, na ndizo zilizolifuta doa la Knysna.

Mshabiki naye ana wajibu wake penye uzio. Kwanza, afike mapema, kwa maana mwanzo wa mazoezi hufundisha kuliko mwisho. Pili, akae nyuma ya mstari. Mchezaji anayekimbia kwa nguvu hawezi kumkwepa mtoto aliyejitokeza ghafla. Tatu, asimzomee anayekosea. Kumzomea mtu mazoezini ni kumfundisha kuficha udhaifu wake, na udhaifu uliofichwa Jumanne hutoka hadharani Jumamosi. Nne, akiona mipango ya kona na ya mipira ya adhabu, asiipeleke sokoni wala barazani kabla ya mechi, kwa kuwa adui naye ana masikio. Tano, haja ya saini au picha ingoje mpaka mwalimu apulize filimbi ya mwisho.

Baba au mama ampelekaye mtoto mazoezini amfundishe jambo moja rahisi: amchague mchezaji mmoja, amtazame yeye tu tangu mwanzo hadi mwisho, hasa wakati ambapo hana mpira. Atamwona anavyojipanga, anavyomwita mwenzake, anavyorudi mbio kukaba baada ya kukosa bao. Njiani kurudi nyumbani mzazi aulize mtoto ameona nini, naye asimkatize. Watoto huona mengi ambayo watu wazima huyapita wakifuata mpira kwa macho.

Tena mzazi asisahau kwamba nyumba nayo ina uzio wake, na watazamaji wake ni wale wadogo wanaoketi kimya. Hao hawaijui jamaa kwa siku ya harusi au ya sikukuu, wakati kila mtu amevaa vizuri. Huijua kwa siku za kawaida: jinsi baba anavyokubali kosa lake, jinsi mama anavyomrudia mtoto somo mara ya tano bila kumwaibisha, na jinsi wawili hao wanavyoyapeleka manung'uniko yao faraghani badala ya kufunga mapazia ya basi mbele ya umati. Mtoto aliyeruhusiwa kukosea na kurekebishwa nyumbani hataogopa mpira utakapomfikia uwanjani.