Makala Iliyotenguliwa Isibaki Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Katika vikao vya asubuhi vya wodi ya wagonjwa mahututi, hoja hupata nguvu pale mwanafunzi wa uzamili anapotaja makala ya jarida la kitaaluma. Ni nadra kumwuliza swali moja dogo: je, makala hiyo haijatenguliwa?

Fani yangu ya usingizi ilijifunza uzito wa swali hilo kwa gharama kubwa. Joachim Boldt, daktari wa usingizi nchini Ujerumani, alichapisha tafiti nyingi zilizounga mkono dripu za wanga, zitumikazo kurejesha ujazo wa damu mwilini. Mwaka 2010 jarida la Anesthesia & Analgesia lilitengua makala yake moja. Mwaka uliofuata, wahariri wa majarida kadhaa walitangaza kwa pamoja kutengua nyingine zinazokaribia 90, kwa kukosa idhini ya kamati ya maadili ya utafiti.

Baadhi ya tafiti zake za zamani, hata hivyo, zilisalia katika kumbukumbu za kitaaluma. Mwaka 2013, uchambuzi uliochapishwa katika jarida la JAMA ulikusanya majaribio 38 ya dripu hizo kwa wagonjwa mahututi. Majaribio 7 yalikuwa ya Boldt, yenye wagonjwa 590 kati ya zaidi ya 10,000. Yalipojumuishwa, ongezeko la vifo halikudhihirika wazi. Yalipoondolewa, ilibainika kuwa dripu za wanga ziliambatana na ongezeko la vifo na la kushindwa kwa figo. Kazi za mtu mmoja zilitosha kufunika hatari hiyo.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kutengua makala moja ni nusu ya kazi. Majarida yana hatua tatu: marekebisho kwa kosa lisilobadili hitimisho, tahadhari ya mhariri wakati uchunguzi ukiendelea, na kutengua pale matokeo yasipoaminika tena. Kwa mujibu wa mwongozo wa COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, lengo la kutengua ni kusahihisha kumbukumbu, wala si kumwadhibu mwandishi. Tangazo lake litaje sababu, liunganishwe na makala husika, na lisomwe na yeyote bila malipo. Naongeza sharti moja: mwandishi akithibitika kudanganya, kazi zake zote zikaguliwe, na tahadhari iwekwe mapema juu ya zile zinazotiliwa shaka.

Nusu ya pili ni yetu. Nakala iliyohifadhiwa kwenye simu ya mwanafunzi haijui kwamba imetenguliwa. Wala haijui sura ya kitabu au mwongozo wa tiba ulioinukuu. Anayeandaa mhadhara au mwongozo wa tiba hana budi kukagua upya rejea zake, kama anavyokagua tarehe ya mwisho ya dawa kabla ya kuichoma.

Tuwatofautishe pia wanaokosea na wanaodanganya. Mtafiti anayegundua kosa katika hesabu zake na kuomba mwenyewe makala yake itenguliwe anastahili heshima yetu. Tukimfedhehesha, wenzake watajifunza kunyamaza, na gharama ya ukimya huo atailipa mgonjwa asiyejua hata jina la jarida.