Sare ya Askari Si Leseni

Askari anayekaribia kustaafu hujiuliza mara kwa mara atakula nini baada ya kuvua sare. Wako wanaofungua maduka, wako wanaonunua ng'ombe, na wako wanaojiunga na makampuni ya ulinzi. Siku hizi wamezuka na wale wanaoitazama kwa hamu biashara ya kukodisha farasi, kwa sababu wamewaona watalii wakipanda farasi kando ya Mto Nile karibu na Jinja, na wengine wakipanda ngamia katika ufuko wa Mombasa, nao wanalipa fedha nzuri. Biashara hii ni halali, na askari mwenye nidhamu anaweza kuifanya vizuri kuliko wengi. Lakini pamoja na hamu hiyo imezuka fikra nyingine, nayo ni kwamba mtu aliyevaa sare, au aliyeivaa zamani, hana haja ya kuombwa leseni. Fikra hii ni ya hatari kwa mwananchi, kwa mnyama, na kwa heshima ya majeshi yetu.

Yafaa kwanza tufahamu leseni ya namna hii hudai nini pale inapotolewa kwa makini. Tuchukue mfano wa Uingereza, nchi iliyoshughulika na jambo hili kwa muda mrefu. Sheria ya kwanza juu ya mazizi ya farasi wa kukodisha ilipitishwa huko mwaka 1939. Sheria ya mwaka 1964 ikakataza mtu yeyote kuendesha zizi la namna hiyo bila leseni ya halmashauri ya mahali pake, na ikaongezewa nguvu mwaka 1970. Katika England, sheria hizo zilifuatwa na kanuni mpya zilizoanza kutumika Oktoba 1, 2018.

Chini ya kanuni hizo, mwombaji hapewi karatasi kwa kulipa ada tu. Hana budi kuonyesha cheti cha ujuzi wa kutunza farasi, au uzoefu unaoweza kuthibitishwa. Daktari wa wanyama, aliye katika orodha maalumu, huja zizini kumtazama kila farasi: macho, mgongo, miguu na kwato. Farasi aliye chini ya umri wa miaka 3 haruhusiwi kukodishwa, wala farasi jike mwenye mimba kubwa, wala yule ambaye mtoto wake hajaachishwa kunyonya. Farasi akionekana ana ugonjwa au jeraha, harudi kazini mpaka daktari aandike kwamba amepona. Tandiko, hatamu na vikuku hukaguliwa kila mara kabla ya kutumika, maana mkanda uliooza ukikatika, anayeanguka ni mteja. Mwenye zizi lazima awe na bima ya kuwalipa watu watakaoumia, na daftari la farasi wote alio nao. Baada ya kupewa leseni, daktari hurudi kukagua kila mwaka. Anayefanya biashara hiyo bila leseni anaweza kutozwa faini au kufungwa gerezani.

Ndugu askari, liko fungu moja katika kanuni hizo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Shughuli za farasi zinazofanywa kwa ajili ya kazi za jeshi au polisi peke yake hazihitaji leseni ya halmashauri. Msomaji mwenye haraka atasema: tazama, hata Waingereza wamekubali kwamba askari haulizwi! Asome tena polepole. Msamaha huo umepewa kazi, haukupewa mtu. Maneno "peke yake" ndiyo yenye uzito wote. Farasi wa polisi anayelinda amani katika uwanja wa mpira yumo ndani ya msamaha. Farasi yule yule akikodishwa kwa watoto siku ya Jumapili, na fedha zikaingia mfukoni mwa mtu, ametoka nje ya msamaha huo. Na askari mstaafu aliyefungua zizi lake ni mfanyabiashara kama wengine, hata kama cheo chake cha zamani kilikuwa kikubwa namna gani.

Tena kusamehewa leseni si kusamehewa wajibu. Maana yake ni kwamba jukumu la kukagua limetolewa kwa halmashauri na kuwekwa mabegani mwa kamanda na daktari wa wanyama wa kikosi. Mahali ambapo kamanda halali usingizi juu ya jambo hilo, farasi wa kikosi huishi vizuri kuliko wa raia. Mahali ambapo kamanda amelala, hakuna mtu wa nje atakayekuja kumwamsha.

Historia ya vita imetuonyesha gharama ya uzembe huo. Katika vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika ya Kusini, kuanzia mwaka 1899 hadi 1902, jeshi la Uingereza lilipoteza farasi zaidi ya 300,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Walishushwa kutoka melini baada ya safari ndefu ya bahari, wakapelekwa vitani bila kupumzishwa wala kuzoea hewa ya nchi ngeni, wakabebeshwa mizigo mizito, wakanyimwa chakula cha kutosha, wakafa kwa uchovu, njaa na maradhi. Baada ya vita hivyo jeshi hilo lililazimika kuitengeneza upya idara yake ya madaktari wa wanyama.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki somo lilirudiwa mwaka 1916. Askari wapanda farasi wa Jenerali van Deventer walisonga mbele mpaka Kondoa Irangi, wakateka mji huo, lakini njiani mvua na maradhi yaliwamaliza farasi wao kwa wingi. Mbung'o hakumwogopa jenerali yeyote. Katika vita hivyo, pale mnyama aliposhindwa, mzigo uliwekwa juu ya kichwa cha mpagazi Mwafrika, na makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam limebaki kuwa kumbukumbu yao. Waswahili husema, punda afe, mzigo wa bwana ufike. Wapagazi hao walijua kwamba punda akifa, bwana hutafuta mgongo mwingine.

Atatokea mtu aseme kwamba askari aliyefundishwa barabara hahitaji kutazamwa na karani wa halmashauri. Mtu huyo na akumbuke yaliyotokea London Aprili 24, 2024. Farasi wa kikosi cha walinzi wa mfalme, waliokuwa katika mazoezi ya asubuhi na askari stadi, walishtushwa na kishindo cha vifaa vya ujenzi. Farasi kadhaa walitoroka wakakimbia katikati ya magari, na watu kadhaa wakapelekwa hospitali. Ikiwa farasi waliofundishwa kustahimili ngoma na tarumbeta waliweza kushtuka kiasi hicho, itakuwaje kwa farasi aliyenunuliwa juzi, akafungwa tandiko la kuazima, akapandishwa mtoto asiye na kofia ngumu? Leseni haizuii kila ajali. Inahakikisha kwamba ajali ikitokea, tahadhari zote zilikuwa zimechukuliwa, na aliyeumia anajua ni nani atakayemlipa.

Upo upinzani mwingine ambao ni wa haki zaidi. Baadhi ya watu husema kwamba leseni ni mlango wa rushwa, kwamba ada nyingi humwua mfanyabiashara mdogo kabla hajaanza, na kwamba mstaafu mwenye farasi wanne hawezi kuzungushwa ofisi baada ya ofisi. Ni kweli kwamba leseni mbaya ni mzigo. Lakini dawa yake ni kuitengeneza iwe nyepesi kwa mwema na nzito kwa mzembe. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1970 iliruhusu halmashauri kutoa leseni ya muda ya miezi 3, ili mtu apate nafasi ya kutimiza masharti. Na chini ya kanuni za mwaka 2018, mwenye rekodi njema anaweza kupewa leseni ya miaka hata 3 kwa mara moja. Hivyo ndivyo serikali inavyoweza kumkagua mtu bila kumnyonga.

Kwa hiyo, askari mwenye nia ya kuingia katika kazi hii baada ya kustaafu, na aanze mapema. Amwendee afisa wa mifugo wa wilaya kabla ya kununua farasi wa kwanza, amwulize habari za mbung'o, maji na malisho ya mahali pale. Aende kwa serikali ya mtaa achukue leseni yake ya biashara kama mwananchi mwingine. Leseni ya kawaida humwuliza mtu anauza nini na wapi. Haimwulizi kama mgongo wa farasi una kidonda. Sharti hilo ajiwekee mwenyewe: amwite daktari, afungue daftari, akate bima. Anajua kazi hiyo tayari, kwa kuwa miaka yote aliyokuwa kambini alikagua bunduki yake kabla ya kwenda lindo, na hakungoja kuambiwa.

Na wewe ndugu polisi, ambaye siku moja utasimama mbele ya zizi la aliyekuwa afande wako, uombe leseni kwa adabu, lakini uiombe. Ukimpigia saluti ukapita, umemwonyesha heshima yeye na kumdharau mtoto atakayepanda farasi huyo kesho. Mwananchi anapoona sare inatii sheria ile ile anayotakiwa yeye kuitii, humwamini askari hata katika mambo makubwa zaidi. Imani hiyo hujengwa kwa miaka mingi, na farasi mmoja mwenye tandiko bovu anaweza kuivunja asubuhi moja.