Mficha Maradhi na Haki ya Wanyonge

Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Walikuwa wakimsema mtu mmoja afichaye donda lake. Lakini taifa lifichapo ugonjwa wa kuambukiza, anayekufa si yule aliyeficha. Anayekufa ni muuguzi wa zahanati, mama aliyeuosha mwili wa marehemu, na mchimbaji aliyelala na wenzake katika kibanda kimoja cha maturubai. Ndiyo maana sisi wa Haki na Amani hatukubali kwamba maandalizi dhidi ya magonjwa ya mlipuko ni jambo la madaktari na maabara peke yao. Ni suala la haki.

Yaliyotokea jirani yetu

Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera. Watu 9 waliugua na 6 wakafariki, mmoja wao mhudumu wa afya. Ugonjwa haukuvuka mkoa, na tarehe 2 Juni ukatangazwa kwisha. Waliofanya kazi ile wanastahili shukrani ya taifa zima.

Mwaka 2025 ugonjwa ulirudi, safari hii Biharamulo. Tarehe 14 Januari Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuna watu wanaoshukiwa kuugua, na kwamba wengi wao wamekwisha kufa. Siku iliyofuata Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha Marburg. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza mjini Dodoma kwamba Marburg umethibitika. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, waliohesabiwa walikuwa 10, na wote 10 walikuwa wamefariki. Wanane kati yao walikufa kabla mlipuko haujathibitishwa.

Tulinganishe na Rwanda, mwaka 2024: wagonjwa 66, wengi wao wahudumu wa afya, na waliofariki ni 15. Ugonjwa ni ule ule, usio na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Kule wagonjwa walifikiwa mapema, wakapewa maji ya mishipa na uangalizi wa karibu, na dawa na chanjo za majaribio zikaletwa upesi. Hatudai kwamba hesabu hizi mbili zinafanana kwa kila hali. Twasema tu kwamba mgonjwa anayejulikana anaweza kuokolewa, na asiyejulikana huhesabiwa kaburini.

Maduara yetu yako wapi katika mpango huu?

Biharamulo inapakana na Chato, na Chato ni Geita. Barabara kuu ya malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita Kahama, Ushirombo na Runzewe. Aliyeambukizwa Marburg huweza kukaa siku 2 hadi 21 kabla ya kuona dalili. Katika muda huo kijana aweza kusikia kwamba dhahabu imeonekana mahali fulani, akafunga mzigo wake, akashuka katika maduara ya Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo.

Tena mgodi wenyewe si mahali pa kupuuzwa. Virusi vya Marburg huishi katika popo wala matunda wakaao mapangoni na katika mashimo ya migodi. Kati ya 1998 na 2000, huko Durba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, watu 154 waliugua na 128 wakafa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa vijana wachimbaji wa dhahabu. Wenyeji walikuwa na jina la ugonjwa ule miaka mingi kabla maabara haijaupa jina lake.  Mlipuko ulikoma wakati mgodi ulipojaa maji. Mwaka 2007 wachimbaji wa Kitaka, Uganda, waliugua vivyo hivyo.

Hatusemi kwamba virusi vimo katika maduara ya Geita. Twauliza: ni nani anayetazama? Mchimbaji mdogo hutafutwa na mtoza ushuru, mnunuzi wa dhahabu na mgombea wa kura. Je, hutafutwa na mganga wa wilaya? Penye makarasha na mialo pana maelfu ya watu, pana mama lishe na watoto, lakini mara nyingi hapana choo wala maji safi. Ikiwa kipindupindu hutuzidi nguvu katika mazingira hayo, na dawa yake twaijua, Marburg tutaukabili kwa nini?

Pasipo kipimo, uvumi hupima

Kwetu Usukumani ukimya una mhanga wa pekee. Vifo visivyoelezwa vikifuatana katika kaya moja, watu hutafuta mkosaji, na mkosaji huyo kwa kawaida ni bibi kizee mwenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe aliopikia miaka hamsini. Shinyanga na Geita zimewazika vikongwe wengi waliokatwa mapanga namna hiyo. Basi kiongozi anayeficha jina la ugonjwa na asidhani kwamba anawaepusha watu na hofu. Hofu ipo tayari. Yeye ameinyima tu ukweli, nayo itajitafutia jina lingine.

Wapo wasemao kwamba kutangaza kutawafukuza watalii na kuharibu biashara. Hoja hii tulikwisha ijaribu. Mwaka 2020 takwimu za korona ziliacha kutolewa, na ugonjwa haukuacha kuua. Mwanzoni mwa 2021 maaskofu wetu walionya waziwazi, na mwezi Machi Katibu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, akaeleza kwamba mapadre zaidi ya 25 na watawa 60 walifariki katika muda wa miezi miwili. Biashara ni kwa ajili ya mtu. Mtu si kwa ajili ya biashara.

Nasi tujihukumu

Hatuna haki ya kunyosha kidole kwa serikali huku mikono yetu ikiwa michafu. Mwaka 1976, huko Yambuku, Ebola ilienea kwa sindano zilizotumika tena na tena katika hospitali ya misheni, mali ya Kanisa. Upendo ulikuwapo, sindano safi hazikuwapo. Masista nao walikufa. Mwaka 2000 hospitali ya Kanisa ya Lacor, Gulu, ilitambua Ebola mapema, kwa sababu Dakta Matthew Lukwiya alisoma kumbukumbu za vifo, akatoa taarifa mara moja. Aliwahudumia wagonjwa hadi yeye mwenyewe akafa tarehe 5 Desemba mwaka ule. Huyo ni shahidi wa upendo. Lakini tusiigeuze sifa ya mashahidi kuwa kisingizio cha kutonunua glavu. Katika Agano la Kale kuhani alitoka nje ya kambi kumtazama mwenye ukoma. Padre wa leo asingoje kambi imletee maiti.

Tunayodai

Kwanza, kila zahanati, ya serikali na ya Kanisa, iwe na maji, sabuni, glavu na chumba cha kumtenga mgonjwa, siku zote, si siku ya mlipuko.

Pili, kila machimbo yawe na mhudumu wa afya wa jamii anayelipwa, aliyechaguliwa kati ya wachimbaji wenyewe. Sungusungu ilizaliwa Kahama kwa sababu watu walichoka kuibiwa ng'ombe. Tutashindwaje kulinda watu?

Tatu, anayetoa taarifa ya kifo cha mashaka alindwe, asitishwe.

Nne, mazishi ya hadhara yasipowezekana, familia ielezwe na ishirikishwe, na padre awepo kuombea kwa umbali ulio salama.

Tano, fedha za dharura zitengwe katika bajeti yetu wenyewe, maana msaada wa wageni hukatika bila kutuuliza.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika kijiji chetu, mtu akifa ghafla kwa homa na kutoka damu, nani hupewa taarifa kwanza?
2. Wachimbaji wanaoishi kati yetu tunawahesabu kuwa majirani, au wapita njia?
3. Ni bibi gani wa jirani atakuwa hatarini siku vifo visivyoelezwa vitakapoingia? Tutamlinda namna gani kuanzia leo?