Gemu likifungwa, funguo ziko kwa nani?

1/8

Mama zangu, dada zangu, na nyie kina baba vijana mnaosoma kimya kimya, leo nesi wenu anaongelea magemu. Najua kuna walioshaguna: "Nesi, si wewe uliyesema simu zinawaibia watoto usingizi?" Nilisema, na bado nasema. Mtoto chini ya miaka miwili hahitaji skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyoelekeza mwaka 2019. Hilo halijabadilika.

Leo nina hoja nyingine, na naiweka mezani mapema. Kitu kinachotegemewa na watu wengi, lakini funguo zake ziko mkononi mwa mtu mmoja, hicho si chenu. Mmeazimwa tu. Watoto wetu wanakua ndani ya vitu vya kuazimwa, na hakuna anayewaambia.

Wenye vikoba mtanielewa haraka. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Kwa nini? Siyo kwamba mwekahazina ni mwizi. Ni kwa sababu mwekahazina anaweza kuumwa, kuhamia Mbeya au kuvuka Nakonde asirudi. Kikundi hakitakiwi kufa kwa sababu mtu mmoja kaondoka.

Sasa twende angani kidogo.

2/8

Septemba 2002 huko Marekani lilitoka gemu moja la kwenye kompyuta linaitwa Earth & Beyond. Lilitengenezwa na Westwood Studios, na mmiliki wake alikuwa kampuni ya Electronic Arts. Ni gemu la anga za mbali. Kila mchezaji ana chombo chake cha kusafiria kati ya sayari, na anakutana huko na watu wengine kwa maelfu, watu wa kweli, kila mmoja yuko nyumbani kwake. Unachagua jamii yako: Terran ni wafanyabiashara, Jenquai ni wavumbuzi, Progen ni wapiganaji. Unaweza kukua kwa vita, kwa biashara, au kwa kutembelea sehemu ambazo hujawahi kufika. Hiyo ya mwisho mimi ndiyo imenivutia, gemu linalomlipa mtu kwa udadisi wake.

Watu walilipa ada kila mwezi, wakapata marafiki, wakaunda vikundi. Miaka miwili tu baadaye, Septemba 2004, mmiliki akazima mitambo. Gemu likaisha.

Angalieni hapo. Halikuisha kwa sababu watu wamelichoka wote. Waliolipenda walikuwepo usiku ule ule wa mwisho. Liliisha kwa sababu aliyeshika swichi aliona hesabu hazimlipi. Ni haki yake kibiashara, sibishi. Ila wale waliobaki na diski mkononi walibaki na nini?

3/8

Nieleze kwa lugha yetu. Gemu la namna hii lina nusu mbili. Nusu ya kwanza iko kwako kwenye kompyuta: picha, sauti, rangi. Nusu ya pili iko kwa mwenye gemu, kwenye kompyuta kubwa inayoitwa seva. Seva ndiyo inayokumbuka wewe ni nani, una nini, umefika wapi, na nani yuko jirani yako. Seva ikizimwa, ile nusu yako inakuwa kama simu nzima isiyo na laini. Inawaka, lakini haikupeleki kokote.

Sasa kuna watu wakaamua halifi. Wachezaji wa kawaida wanaojua kompyuta, wakajikusanya kwa jina la Net-7, wakaanza kuitengeneza upya ile nusu iliyopotea. Hawakupewa maandishi ya programu na mwenye mali. Kazi ya aina hii inaenda hivi: unachunguza ile nusu uliyobaki nayo, unaangalia inaomba nini na inategemea ijibiwe nini, kisha unaandika seva mpya itakayojibu vile vile. Ni kama kukuta nusu moja ya mazungumzo ya simu, ukatakiwa ukisie upande wa pili alisema nini, neno kwa neno, kwa maelfu ya mazungumzo.

Walifanya hivyo baada ya kazi zao, usiku, bila mshahara, kwa miaka. Na likawaka tena. Watu wakarudi angani, bure.

Mimi nafanya kazi wodini, najua kujitolea kunafananaje. Nawajua wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaotembea kwa miguu vijijini Momba na Ileje kumfuata mama aliyekosa kliniki. Kwa hiyo mtu akiniambia "hao ni watu wasio na kazi, wanafufua gemu", nasema hapana. Kuna kitu wameona kinastahili kutunzwa na wamekitunza. Tabia hiyo naitaka kwa mwanangu.

4/8

Kuna njia rahisi kuliko hiyo, na hapa ndipo msimamo wangu ulipo.

Mwaka 2000 kampuni ya Microsoft ilitoa gemu lingine la anga, Allegiance. Timu zinapambana, na kila timu ina kamanda mmoja anayeangalia ramani nzima, wengine ni marubani wanaomsikiliza. Halikuuza vizuri na kampuni ikaacha kulihudumia. Lakini mwaka 2004 Microsoft ilifanya kitu cha tofauti, iliwapa watu maandishi yenyewe ya programu. Wachezaji wakayachukua, wakarekebisha makosa, wakawasha seva zao. Mwaka 2017 yakatolewa kwa leseni huru kabisa, mtu yeyote ayatumie, na gemu likaanza kupatikana bure kwa kila anayetaka.

Mnaona tofauti? Wa kwanza alizima taa akaondoka na funguo. Wa pili aliondoka, lakini funguo akaziacha kwa jirani.

Ni kama mtoto kuhamia kwa bibi yake. Ukimpeleka na kadi ya kliniki, nesi wa kule anaona chanjo zote na uzito wake tangu kuzaliwa, anaendelea pale ulipoishia. Ukimpeleka bila kadi, tunaanza kuuliza upya na kukisia. Mtoto ni yule yule, ila kazi ni mara kumi, na kuna vitu hatutavijua tena.

Wapo watakaosema: "Nesi, kufufua gemu la mtu si wizi?" Swali zuri. Aliyetengeneza ana haki zake, na anayechukua kazi ya mtu akaiuza simtetei. Lakini kama mwenyewe hauzi tena, hahudumii tena, na watu wanakitunza bila kuchuma pesa, basi awape ruhusa na funguo. Hapotezi kitu.

5/8

Sasa mtasema, haya ni ya Wazungu na kompyuta zao, hapa Tunduma tunahusikaje? Tunahusika sana. Watoto wetu wako kwenye magemu ya simu, na karibu yote wanayocheza na wenzao yanategemea seva ya mtu asiyejulikana, iko nchi isiyojulikana.

Mama mmoja wa hapa mpakani aliniuliza kuhusu mwanaye wa miaka kumi na tatu. Kijana kanuna siku nne, chakula anagusa tu, kisa gemu alilokuwa anacheza na wenzake limefungwa. Baba yake kamcheka: "Gemu ndo linakuliza?" Mama akataka kujua kama mtoto ana tatizo la akili.

Nikamwambia hapana dada, mtoto amefiwa na mahali. Kule alikuwa na marafiki, wengine hajui hata majina yao ya kweli wala namba zao za simu. Siku moja mlango umefungwa na hawezi kuwapata tena. Ukimcheka, hatanuna kidogo, atajifunza tu kutokukuambia kitu. Muulize: walikuwa akina nani? Ulikuwa unafanya nini kule? Umepoteza nini? Msikilize. Wengi wanatulia wenyewe baada ya siku kadhaa. Ila ukiona imefika wiki mbili halali vizuri, hali, anajitenga na watu, au anasema maneno ya kukata tamaa ya maisha, mlete kituo cha afya. Akisema anataka kujidhuru, usihesabu siku, mlete siku hiyo hiyo.

Halafu kuna pesa. Kijana yule alikuwa ameshanunua nguo za mhusika wake na sarafu za gemu kwa pesa ya kwenye simu ya mama, kidogo kidogo, zimefika elfu themanini. Zote zimekwenda na gemu. Hakuna wa kumdai.

6/8

Wala si watoto wa Tunduma peke yao. Gemu la magari liitwalo The Crew, la kampuni ya Ubisoft, lilitoka 2014 na kuzimwa tarehe 31 Machi 2024. Hata waliolinunua kwa bei kamili hawakuweza tena kulicheza. Mmarekani Ross Scott akaanzisha kampeni ya kudai kwamba kampuni ikiamua kuliacha gemu, iliache katika hali ya kuweza kuchezeka. Ulaya zikapatikana saini zaidi ya milioni moja kufikia Julai 2025. Na kule California ilipitishwa sheria mwaka 2024, kwamba anayekuuzia kitu cha kidijitali kinachoweza kuondolewa akwambie wazi kuwa unapewa leseni ya kukitumia, hujakinunua kikawa chako. Sheria hiyo ilianza kutumika 2025.

Sisi huku bado tunabonyeza "kubali" bila kusoma.

7/8

Nataka mjue pia kwamba jambo hili linagusa hata afya zetu. Vile vitabu vya MTUHA mnavyoona tunajaza mkija kliniki, takwimu zake tunaziingiza kwenye mfumo wa kompyuta unaoitwa DHIS2, ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway. Maandishi ya programu yake yako wazi. Na jirani zetu Eldoret, Kenya, tangu 2006 walianza kutumia OpenMRS kutunza kumbukumbu za wagonjwa, programu ya wazi iliyokuzwa na watu wa nchi nyingi, wengi wao kwa kujitolea. Mmoja akiondoka, wengine wanaendelea, kwa sababu maandishi hayajafungiwa kabatini kwa mtu. Kufuli tatu, watu watatu.

Lakini nisiwadanganye, kitu kuwa wazi hakitoshi. Lazima wawepo watu wa kukiangalia, na watu huchoka. Miradi mingi ya kujitolea inakufa pale wawili watatu waliokuwa wanaibeba wanapoelemewa. Anayejitolea naye anakula, anaumwa, ana watoto. Tukimsifu tu bila kumpokea mzigo, tunamuua taratibu. Hili nalisema kwa magemu, kwa wahudumu wa afya ya jamii, na kwa yule mama mmoja ambaye kila mwaka ndiye katibu wa kikoba kwa sababu "anaandika vizuri".

8/8

Basi tufanye nini nyumbani? Haya ndiyo mapendekezo ya nesi wenu.

Kabla ya kulipia kitu kwenye gemu, muulize mtoto: likifungwa kesho, tunabaki na nini? Kama jibu ni "hakuna", mwambie hiyo ni pesa ya kiingilio kama ya kwenda kuangalia mpira. Ukilipa, lipa ukijua.

Marafiki wa kweli anaocheza nao, wale wa mtaani na shuleni, awe na namba za wazazi wao. Urafiki usikae kwenye seva peke yake. Asiowafahamu asiwape namba, picha, wala jina la shule.

Picha za watoto mlizoziweka mtandaoni, hifadhini nakala mahali pengine. Chache zichapisheni kabisa.

Magemu yaliyofufuliwa yapo na mengi ni mazuri, ila mtoto asipakue kitu peke yake. Kaa naye, au tafuta kijana anayejua kompyuta, maana wapo wanaoficha virusi humo.

Ukiwa na mtoto anayefungua redio mbovu aone ndani, au anayeuliza gemu linatengenezwaje, usimfokee. Wale waliofufua Earth & Beyond walianza na udadisi kama huo. Mtafutie mwalimu wa kompyuta, hata mara moja kwa wiki.

Na kama anapenda habari za anga, Songwe yetu imejaliwa. Pale Ndolezi, Mbozi, kuna kimondo, chuma cha tani zipatazo 16 kilichodondoka kutoka angani. Mpeleke akiguse kwa mkono wake.

Ya mwisho ni ya sisi wakubwa. Wiki hii angalieni kikoba chenu, kwaya yenu, kamati yenu ya shule. Daftari liko kwa nani? Nywila ya simu ya kikundi anaijua nani? Kama jibu ni mtu mmoja, mpeni wa pili wa kujifunza kabla huyo wa kwanza hajachoka.

Usiku mwema. Wenye watoto wenye homa msisubiri asubuhi, njooni.