Aliyecheza Ndiye Achore

David Jones wa Ireland ya Kaskazini alishinda mashindano ya gofu ya Kenya Open mwaka 1989. Baadaye akawa mchoraji wa viwanja. Cha Vipingo, pwani ya Kenya, ni kazi yake. Mwaka 2019 wanawake wa mataifa mbalimbali walishindana humo.

Sisi hapa Madungu twafanya kinyume. Mchezaji akivunjika goti, tunamwachia baraza na bao. Kiwanja kikipimwa haulizwi. Mvua ikinyesha, goli hugeuka dimbwi, naye tangu utotoni ajua maji yapita wapi. Penye wazee haliharibiki neno, twasema, kisha wazee hatuwaiti. Huo si uhaba wa fedha, ni kiburi. Muulizeni kabla ya kuvuta kamba.