KEYA WALIVUKA JANGWA

Husemwa mara nyingi kwamba vita vya jangwani hushindwa na ndege. Hoja hiyo ilivuma sana baada ya vita vya Ghuba vya mwaka 1991, ambapo Iraq ilipigwa kutoka angani kwa siku 38 kabla ya majeshi ya nchi kavu kumaliza kazi kwa muda wa saa 100.

Sisi twakumbuka vita vingine. Mwezi wa Juni, 1940, ndege za Wataliani zilitupa mabomu Wajir, na baadaye Malindi. Mapema mwaka 1941 ndege za Afrika Kusini ziliharibu nyingi za adui zingali chini viwanjani. Hatukatai: bila ya kazi hiyo malori ya maji yangeteketezwa njiani. Lakini ndege haishiki mji. Mto Juba ulivukwa na watu, na Mogadishu ikaingiwa tarehe 25 Februari. Keya walikuwamo, na mwezi wa Mei kikosi cha Tanganyika kilikuwa kikipigana Colito, Ethiopia. Mshahara wao (hili halisemwi sana) ulikuwa mdogo mno kuliko wa askari Mzungu.

Mkulima wa Bashay, aliyezoea baridi ya Mbulu, atafahamu upesi taabu ya nchi ile isiyo na maji.

Wenye habari hizo wamekwisha kutuacha karibu wote. Twawaomba wanachama na walimu wa Bashay wawaulize watoto na wajukuu: babu alipelekwa wapi, alilipwa nini, na cheti chake cha kuachishwa jeshi ki wapi? Majina yaandikwe mwaka huu.