ALIYE MBELE AMWAMBIE ALIYE NYUMA



Wahenga walisema ajali haina kinga. Mimi wahenga nawaheshimu sana, lakini kwa hili naomba ruhusa nibishane nao kidogo. Kuna ajali ambazo mtu mmoja huziona na kuziepuka, kisha zikampata mwenzake aliye nyuma kwa sababu hapakuwa na njia ya kumwonya. Je, hizo nazo tuseme hazina kinga?

Kaka yangu ni mwendeshaji wa bodaboda hapa Nambale. Karo yangu, sare yangu na hata kalamu ninayoandikia makala haya vimetoka kwenye kiti cha pikipiki hiyo. Usiku mmoja mwaka jana, wakati wa mvua, alikuwa akitoka Busia pamoja na mwenzake wa steji moja. Walikuwa wamembeba mama mmoja na bintiye, kila mmoja na pikipiki yake. Kaka alikuwa mbele, mwenzake akifuata hatua kama mia mbili nyuma.

Lo! Ghafla kaka akaona trela la miwa limekwama barabarani. Halikuwa na taa, wala hakuna aliyekata hata tawi moja la mti kuliweka njiani kama ilivyo desturi. Alilikwepa kwa kudra za Mwenyezi Mungu. Akapiga honi mfululizo, akabonyeza breki mara kwa mara ili taa ya nyuma imulike. Mwenzake akadhani anamwambia waongeze mwendo, mvua isiwazidi. Maskini! Alilivamia trela lile. Mguu wake ulivunjika mahali pawili, na yule binti akavunjika mkono. Mpaka leo jamaa huyo anatembea kwa mkongojo, na pikipiki yake iliuzwa kulipia matibabu. Watoto wake wawili nawajua. Mmoja aliacha kuja shuleni muhula uliofuata.

Kaka alikaa siku nyingi bila kuongea. Siku moja akaniambia, "Hiyo trela mimi niliiona kabisa. Kuona niliona. Sasa ningemwambia na nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Maoni yangu ni haya: waendeshaji wa bodaboda wanaosafiri pamoja usiku wawe na redio za kuzungumziana kutoka pikipiki moja hadi nyingine.

Najua kuna atakayesema, "Si wana simu?" Ni kweli wanazo, na kila siku tunawaona wamezichomeka kati ya shavu na kofia, shingo imepinda kama ya jogoo. Lakini simu humwita mtu mmoja. Ni lazima utafute jina, ungoje ilie, naye aitoe mfukoni. Hadi hapo trela limeshafikiwa. Tena sisi tulio karibu na mpaka tunajua vituko vya mtandao. Uko Kenya, simu inakukaribisha Uganda!

Redio ni tofauti. Nasema zile ndogo ambazo walinzi huzitundika kiunoni, ambazo watu huziita wokitoki. Unabonyeza kitufe unasema, unaachilia unasikiliza. Wote walio kwenye mkondo mmoja wanasikia mara moja, bila kupiga namba na bila krediti. Sauti husafiri kwa mawimbi moja kwa moja kutoka redio hadi redio, kwa hiyo vilima, nyumba na miti mingi huipunguzia nguvu. Hata hivyo, kwa watu waliotengana hatua mia mbili barabarani, inatosha na kubaki. Pia kuna vifaa vya Bluetooth vinavyobandikwa ndani ya kofia. Hivyo hufaa kwa watu wawili waliokaribiana, lakini masafa yake ni mafupi zaidi na bei yake ni kali.

Jambo hili si uchawi wala si geni. Mwaka 1933 polisi wa mji wa Bayonne, jimbo la New Jersey huko Marekani, walikuwa tayari wakizungumza kwa redio wakiwa ndani ya magari. Nilipomwambia kaka hayo alicheka. "Sisi si polisi, wewe. Nikipata pesa ya redio nitanunua tairi kwanza."

Hoja yake ina uzito, nami siidharau. Tairi likiisha, hakuna ugali nyumbani. Lakini sisemi kila mtu anunue yake. Steji yao ina chama, na kila jioni huchanga pesa kidogo. Chama hicho kinunue redio mbili tu kwa kuanzia. Zikae stejini, zichukuliwe na wanaotoka usiku: mmoja apewe aliye mbele, ya pili aliye nyuma. Asubuhi zirudishwe na kuwekwa chaji. Mtu akipoteza, alipe.

Wengine wataniuliza, je, redio yenyewe haitamfanya mwendeshaji asahau barabara? Itamfanya, ikitumiwa ovyo. Ndiyo maana isishikwe mkononi hata kidogo. Mkono wa kulia una mafuta na breki, wa kushoto una klachi. Kipaza sauti kiwe ndani ya kofia karibu na mdomo, kitufe kifungwe kwenye usukani upande wa kushoto, pale kidole gumba kinapofika. Kisikilizio kiwe sikio moja tu, la pili libaki kusikia honi za malori. Na tena, redio isiwe ya porojo! Watu wawili wakibonyeza pamoja, hakuna anayesikika vizuri. Anayepiga soga za mpira anaweza kumziba mdomo mwenzake anayetaka kuonya.

Hapa ndipo chama chetu cha Kiswahili kinaingia. Stejini Nambale utampata Mkhayo, Mmarachi, Msamia na Mteso. Mtu akishtuka hupiga kelele kwa lugha ya mama, na mwenzake haambui kitu. Lugha ya hatari iwe moja, nayo ni Kiswahili, tena kifupi: "Simama." "Punguza." "Trela, kushoto." "Ng'ombe, katikati." Aliyesikia ajibu, "Nimepata." Basi. Sisi wanafunzi tunaweza kuwaandikia maneno kumi ya aina hiyo kwenye karatasi moja, yabandikwe pale stejini. Hiyo ni kazi ya Jumamosi moja tu.

Lakini tusikimbilie dukani kwanza. Mawimbi ya redio husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na Uganda nao wana tume yao. Wimbi halisimami mpakani kuonyesha kitambulisho. Linaweza kuvuka na kuwasumbua watu wenye kibali cha mkondo huo. Kwa hivyo viongozi wa chama waulize kwanza ni redio gani na mkondo gani unaoruhusiwa.

Ndugu msomaji, sheria ya trafiki iliyorekebishwa mwaka 2012 inamtaka mwendeshaji avae kofia na koti linalong'aa, na abebe abiria mmoja tu. Ni sheria nzuri. Lakini kofia hukusaidia baada ya kugonga. Neno moja kutoka kwa aliye mbele lingekusaidia kabla. Yule jamaa alikuwa na kofia kichwani usiku ule. Alichokosa ni neno.

Isitoshe, jina lenyewe la bodaboda lilizaliwa hapa kwetu Busia. Miaka ya 1960 na 1970 wapanda baiskeli waliwavusha watu na mizigo kati ya forodha ya Kenya na ya Uganda, wakiita "boda, boda", yaani mpaka hadi mpaka. Leo jina hilo linatumika kote Afrika Mashariki. Ikiwa jina tuliwapa wengine, kwa nini tusiwape na desturi hii?

Kaka bado hajakubali. Juzi tu aliniuliza, "Hizo redio mbili ni pesa ngapi?" Sikumjibu kwa haraka. Niliona ameanza kuhesabu.

Kidato cha Tatu